Mwenzenu nilitengeneza kadi 134 za sendofu kwa mkono, soma kwanza kabla hujanunua poda

Habari zenu wapendwa. Hii naandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kutengeneza kadi kwa mikono, zile za kupaka rangi, wino na poda ya kung'aa mpaka karatasi inameremeta ukiigeuza kwenye mwanga, hasa wewe uliyeangalia video mbili tatu YouTube ukasema moyoni aah hiki nacho nakiweza. Mi nilisema hivyo hivyo. Na niliweza kweli, ila ada niliyolipa si ya mchezo, na kuna mambo hakuna aliyeniambia mapema.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa pili, tuko kwa shangazi Tabata, kikao cha kwanza cha kamati ya sendofu ya binamu yangu. Mhazina akasoma bei ya kadi aliyopewa na watu wa printi, 3,500 kwa kadi moja, kadi 120. Kamati ikaguna. Mi hapo nina kadi zangu tatu kwenye pochi nilizochora mwenyewe usiku wa kuamkia Jumapili, bluu ya usiku na zambarau zimechanganyikana alafu juu imepita dhahabu kama vumbi la nyota, nikazitoa. Yaani zilizunguka mkono kwa mkono, wifi mmoja akawasha tochi ya simu kuzimulika, shangazi akasema "mwanangu kumbe una mikono ya dhahabu hivi?" Na mimi kwa kusifiwa nikajikuta nasema nitazifanya zote kwa 2,500. Sikupiga hesabu hata ya bahasha. Mwenyekiti akaandika kwenye daftari, kikao kikafungwa kwa sala, nikala pilau nikaenda nyumbani kwa furaha.

Kosa la kwanza liko hapo hapo na mtu anaweza asilione. Zile sampo tatu nilizitengeneza kwa karatasi niliyopewa na mdogo wangu aliyekuwa anasoma usanifu majengo, kipande kilichobaki, karatasi nzito ya rangi za maji ya gramu 300, yaani mita moja ya mraba inakuwa na uzito wa gramu 300. Mi sikujua kama hiyo ndo siri. Nilidhani ni karatasi tu. Basi nikaenda Kariakoo nikabeba manila, shilingi 38,000, nikaona nimeokoa hela. Nikarudi, nikalowesha ya kwanza, nikapaka wino, ikajikunja kama chapati iliyoachwa juani. Ya pili vile vile. Ya tatu nikaibandika mezani kwa maskin tepu pande zote nne, nikaitoa ikiwa imekauka, imenyooka kweli lakini juu imeota manyoya, maana manila ukiisugua na maji inaanza kuchambuka. Manila yote ile ikaishia kwa watoto wanachorea magari. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80, manila nyingi ni gramu mia na kitu mpaka mia mbili, kwa maji mengi zote hazifai. Usishuke chini ya 300 kama utalowesha. Na sampo unayomwonyesha mteja itengeneze kwa karatasi ambayo kesho unaweza kwenda kuinunua tena, usimwonyeshe mtu kitu ambacho huwezi kukirudia.

Nikazunguka siku nzima kwenye steshenari, wengi wanakuuzia kadi ngumu laini ile ya vyeti wanakwambia hii ndo yenyewe dada. Siyo. Ya rangi za maji ukiishika ina kimgongo kidogo, haitelezi, na ukidondosha tone la maji pembeni halikimbii wala halizami papo hapo. Nikapata pedi za A3, karatasi kumi kila moja, 52,000 pedi. Nikachukua mbili. Roho iliniuma. Ila hapa ndo nikafanya jambo moja la akili katika safari nzima: nikaacha kuchora kadi moja moja. A3 moja ukiipaka nzima alafu ukaikata inatoa vipande 8 vya A6, kwa hiyo karatasi 15 tu ni vipande 120. Na kuna raha yake, maana rangi ikitembea kwenye karatasi kubwa inakuwa huru, ukija kukata kila kipande kinatoka na sura yake na vyote vinafanana ukoo. Kile kipande unakuja kukibandika juu ya kadi nyeupe iliyokunjwa, ndani kunabaki kweupe pa kuandika. Usithubutu kuchora moja kwa moja kwenye kadi iliyokunjwa, mkunjo unakunywa rangi kuliko pengine na mstari unabaki pale milele.

Sasa tuje kwenye poda.

Poda ninayosema ni mika, hizi zinazouzwa kwenye vichupa vidogo kwa watu wa kucha na watu wa kumwaga rezini, mi nilipata kwa 3,000 kichupa. Si sawa na glita. Glita ni vipande vya plastiki unaviona kimoja kimoja, vinafaa kadi ya mtoto wa chekechea. Mika ni jiwe linalobanduka tabaka tabaka kama kitunguu, likisagwa linabaki vijisahani bapa vidogo sana, vikilala juu ya karatasi kama magamba ya samaki ndo vinarudisha mwanga. Zile za rangi rangi zimepakwa utando mwembamba sana wa titaniamu dioksaidi, na unene wa ule utando ndo unaamua uone bluu au kijani au zambarau, ndo maana ukigeuza kadi rangi inahama. Nilipojua hilo nikaelewa kwa nini poda yangu ya "zambarau" nikiipaka kwenye karatasi nyeupe ilikuwa kama sijapaka kitu. Juu ya nyeupe mwanga wote unarudi, ile rangi inamezwa. Juu ya bluu nzito au nyeusi inalipuka. Kwa hiyo chini weka giza kwanza, mng'ao uje juu. Mtu akitaka kadi nyeupe inayometameta mwambie ukweli mapema kwamba itaonekana kidogo sana.

Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Uluguru, alikuwepo nyumbani wakati nafungua vile vichupa. Akachovya kidole, akakisogeza dirishani, akasema "huu si ulanga huu?" Kumbe Kiswahili kina jina lake siku zote, mi nahangaika na mika mika. Na kweli milima ya Uluguru ilichimbwa ulanga tangu enzi za Mjerumani. Bibi akasema wao utotoni walikuwa wanaokota vipande vyake wanabandua kama vioo. Alafu akaniuliza nimenunua bei gani, nikamdanganya.

Basi, kosa la pili na hili ndo kubwa kuliko yote. Kwenye zile sampo nilinyunyiza poda ikiwa kavu juu ya rangi mbichi, ikanasa, nikafurahi. Nikafanya hivyo kwenye A3 mbili, tena nikiwa nimewasha feni ili zikauke haraka. Mnaelewa kilichotokea. Poda ilipaa kama moshi, ikaenda kwenye pazia, kwenye wali, kwenye nywele za mtoto. Nilikohoa siku mbili. Poda yenyewe siyo sumu ila ni vumbi laini mno, halifai kifuani, kwa hiyo vaa barakoa, zima feni, na ukishaitia maji hatari imeisha. Na hata iliyobaki kwenye karatasi haikuwa imeshika. Nilijua siku nilipompelekea mjomba kadi moja ya kuonja, yeye ndo mwenyekiti, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti jeusi akaenda nayo ibadani. Jumapili jioni akanipigia. "Mwanangu, hili koti nilimvalia mama yako siku ya harusi yake. Sasa hivi naonekana kama msanii wa taarabu." Nilicheka ila nilitaka kulia.

Hapo ndo nikaelewa kwamba kufanya kitu king'ae ni kazi ya dakika moja, kufanya mng'ao ukae mahali pake ndo ufundi wenyewe. Poda ni jiwe, haina gundi ndani yake. Lazima uipe.

Nikajaribu gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa na maji. Inashika, sikatai. Ila kwa joto letu hili na unyevu, nilipanga vipande kadhaa kimoja juu ya kingine, asubuhi nikakuta tofali. Ile gundi ikishakauka bado inalainika kukiwa na joto na inagandana yenyewe kwa yenyewe. Nikapuliza dawa ya nywele juu ya vingine kama nilivyoona kwenye video, mng'ao ukafifia na chumba kikanuka saluni. Mwisho nikafika kwenye gam arabiki, utomvu wa mgunga, hiyo hiyo inayotumika kutengeneza rangi za maji zenyewe. Kijiko kimoja cha unga wake kwa vijiko viwili vya maji ya moto, koroga, acha usiku kucha, asubuhi chuja na kitambaa safi. Alafu kwenye kisosi weka poda na ile gam kiasi sawa kwa sawa, saga na mgongo wa kijiko mpaka iwe kama uji wa dhahabu, ndo uzimue na maji ukitaka nyepesi.

Na hapa tena nikaingia mtegoni. Maelekezo niliyofuata yalisema ongeza asali au glisirini kidogo ili rangi isipasuke ikikauka. Nikaongeza. Kadi zikawa zinanata siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukigusa kidole kinaacha alama. Nikasumbuka wee mpaka nikaja kufikiria, aliyeandika vile pengine anaishi kwenye baridi kavu, huko rangi inapasuka kweli. Asali na glisirini vinavuta maji kutoka hewani, na hewa ya Dar mwezi wa nne unaweza kuikamua. Kwa mtu wa Pwani acha kabisa, gam na maji vinatosha. Labda wewe wa Makambako au Iringa kipindi cha kipupwe unaweza kuweka tone. Jingine la kujua, gam ikikaa siku nne tano inaota ukungu. Tone moja la mafuta ya karafuu linasaidia, mafundi wa rangi wanalitumia tangu zamani, na sisi karafuu tunazo, vinginevyo weka kwenye friji na uandike jina, baba watoto wangu nusura aione ni sharubati.

Jinsi ya kujua umepatia ni rahisi. Acha kadi ikauke siku nzima, chukua tishu nyeupe, sugua mara tano. Tishu ikitoka na dhahabu, gam ni kidogo. Ukiikunja kidogo ikatoa nyufa au ikabanduka kama ganda, gam ni nyingi au umepaka nene. Mi nilisugua kila A3 kwenye kona kabla ya kukata, baada ya lile koti sikuwa na masihara tena.

Rangi ya chini nayo ina kisa chake ila nitafupisha. Mwanzoni nilitumia rangi za chakula kwa sababu ni rahisi na zinawaka, nikaacha kipande dirishani, baada ya wiki ile pinki ilikuwa kama maji ya kuoshea glasi. Rangi za chakula jua linazila. Nikanunua rangi za maji za kawaida za shilingi 27,000, alafu kwa ile zambarau nzito nikatumia wino wa mhuri, huu unaouzwa kila steshenari. Nao si mgumu sana mbele ya jua, naujua udhaifu wake, lakini kadi ya sendofu inaishi miezi miwili kwenye droo, siyo picha ya ukutani, nikaona inatosha. Angalia tu vidole. Nilienda kazini wiki nzima kama mtu aliyepiga kura mara kumi.

Sasa namna nilivyokuja kuzifanya zikatoka nzuri. Unabandika A3 mezani kwa maskin tepu pande zote, unailowesha kwa sponji mpaka ing'ae lakini isiwe na dimbwi. Unachukua kava la plastiki la faili, gumu lile (mifuko ya rambo si ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, mi nililikata faili la zamani la baba watoto), unadondosha wino na rangi juu ya plastiki, unanyunyizia maji kwa ile chupa ya spirei, zinaanza kutafutana zenyewe. Unaigeuza plastiki juu ya karatasi, unabonyeza, unainua. Usirudie mara tatu nne, mara mbili mwisho, rangi ukizisumbua sana zinakuwa tope. Ikiwa bado mbichi unarusha chembe za chumvi ya mawe sehemu chache, kila chembe inavuta rangi kwake na inaacha kama ua la barafu, na matone ya spiriti sehemu nyingine, lile tone linaifukuza rangi linabaki duara lenye ukingo. Spiriti uitumie mbali na jiko na usikaushie na mashine ya nywele wakati bado inanuka, tafadhali sana, moto hauna utani. Kisha unaiacha ikauke KABISA. Unapangusa chumvi. Ndo sasa uje na ule uji wa dhahabu, mwepesi, kwa brashi pana mara moja kwenda upande mmoja, alafu unagonga brashi nyingine juu yake ipige vitone. Ukipaka dhahabu wakati chini kubichi inazama na yote inakuwa kijivu cha ajabu, mi zilinitokea mbili nikadhani poda ni feki.

Na zikaushe zikiwa zimelala. Nilipobanwa na nafasi nilizianika kwenye kamba kwa vibanio kama nguo, dhahabu yote ikatiririka chini, juu kukabaki kweusi chini pana tope la dhahabu. Kwa hiyo ni mezani au kwenye mkeka tu, na kwangu zilienea nne kwa wakati mmoja. Kabla ya mvua A3 ilikuwa inakauka ndani ya dakika arobaini. Masika yalipoingia ilikuwa usiku mzima, na umeme ukikatika feni hamna. Karatasi kumi na nane zilinichukua karibu wiki mbili badala ya siku nne nilizopanga. Siku moja bati likavuja palepale, karatasi nzima ikaenda, vipande nane hivyo. Nilikaa sakafuni nikaitazama tu. Kama una oda ya mwezi wa tano anza mwezi wa kwanza, usiniulize kwa nini.

Zilizokauka zikiwa zimepinda kidogo, usiogope, unapangusa mgongo wake kwa sponji yenye unyevu, unaziweka katikati ya vitambaa safi, ubao juu, na juu ya ubao mtungi wa gesi wa kilo 15. Asubuhi zimenyooka kama askari. Kubandika kwenye kadi nimetumia tepu ya pande mbili, gundi ya maji inazipindisha upya.

Nikadhani nimemaliza. Mhazina akaja na habari kwamba mlangoni watatumia QR, kila kadi na yake, single au double, mlinzi anaskani kwa simu, kwa hiyo waprinti ile QR mbele kwenye kile kipande kinachong'aa, itapendeza. Nikapeleka vipande viwili vya majaribio kwa kijana wa printi. Ya kwanza wino haukushika, ukafutika na kidole, mashine ya wino wa maji na poda ya mawe haviivi chungu kimoja. Ya pili kwa mashine ya leza ikashika, nzuri hiyo, tukaelekeza simu. Kimya. Tukaigeuza. Kimya. Kamera inatafuta cheusi na cheupe, sasa ile mika inarudisha mwanga kwa pembe yake, papo hapo cheusi kinaonekana cheupe na cheupe kinaonekana cheusi, simu inachanganyikiwa. Fikiria watu mia mbili wamevaa vitenge vyao foleni mlangoni ukumbini, kadi hazisomeki, na aliyetengeneza ni mimi. Tukaziprinti kwenye stika nyeupe zisizong'aa, sentimita tatu kwa tatu, na ule weupe wa pembeni usiukate maana nao ni sehemu ya QR, zikabandikwa nyuma ya kadi. 26,000 nyingine. Nikazijaribu zote kwa simu ya mtoto wa jirani yenye kioo kilichopasuka, usiku, chini ya taa ya kawaida, nikasema hii ikisoma zote zitasoma.

Majina nayo andika ndani kwenye kweupe. Juu ya mika kalamu inatambaa hatua mbili inaziba, niliua kalamu nne nzuri kabla sijakubali. Na bahasha nunua KWANZA. Kadi ya A6 ina milimita 105 kwa 148, bahasha yake ni ya C6, 114 kwa 162. Mi nilinunua ndogo za rangi ya maziwa zilizokuwa ofa, kadi inaingia kwa kulazimishwa inakwangua ukingo, nikarudi Kariakoo tena kubembeleza wanibadilishie, na hawakufurahi.

Alafu orodha. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati anajua, kadi inatoka mtu akishachangia, na watu wanachangia wiki ya mwisho. Tulikubaliana 120, nikawa na vipande 135 vizima, kimoja nilikikata upande kwa usingizi na vingine nane ndo ile karatasi ya bati. Siku tisa kabla ya shughuli mhazina ananiambia dada zimeongezeka kumi na nne. Nikauliza na hela? Akasema bajeti ya kadi ilishafungwa, si ni familia. Ni familia kweli. Nikatoa 134, nikabaki na moja.

Sasa hesabu, maana watu wanaonyesha kadi hawaonyeshi risiti. Nililipwa 300,000. Nilitumia 428,000. Karatasi nzito peke yake 104,000, kadi nyeupe za kukunja 70,000, bahasha 45,000, poda vichupa kumi na viwili 36,000, na kilichonishangaza kuliko vyote ni bodaboda na daladala, 43,000, sababu ya kwenda mjini kununua kitu kimoja kimoja kila nilipokosea. Hasara 128,000, na hapo sijahesabu saa hata moja ya mikono yangu. Baba watoto alipoona ile karatasi ya hesabu hakusema kitu, akaikunja akaiweka chini ya redio. Ningependa angesema.

Kwenye picha pia niliumia. Nilipiga kadi juu ya meza kwa fleshi nikatuma kwenye kundi la WhatsApp, zikaonekana karatasi za bluu tu zina uchafu wa njano. Mng'ao haupigwi fleshi wala haupitishwi kwenye skana. Kaa dirishani asubuhi, mwanga utoke pembeni, chukua video fupi huku unaigeuza kadi polepole. Oda mbili nilizopata baadaye zilitokana na video ya sekunde nane.

Siku yenyewe nilisimama karibu na mlango mpaka miguu ikauma, sikwenda hata kukaa. Simu ya mlinzi ikawa inalia tii, tii, tii, kadi moja baada ya nyingine. Kadi moja tu iligoma, nayo mwenyewe alikuwa ameikunja nne akaitia kwenye soksi, sijui kwa nini. Mama mmoja mgeni wa upande wa bwana harusi aliuliza kama anaweza kurudishiwa yake baada ya kuskaniwa. Mjomba alipita na koti jipya, la kijivu, akanionyesha mfuko uko safi, akaingia.

Zile oda mbili nilizifanya kwa 6,000 kadi, idadi inafungwa siku ya malipo, nusu inatangulia, na sichukui kadi zaidi ya sitini kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano. Mmoja alilalamika bei, nikamwonyesha tishu nyeupe nikasugua kadi mbele yake, akalipa. Wiki iliyopita shangazi kanipigia, baada ya shikamoo na marahaba na watoto hawajambo, akasema kaka yake bibi harusi naye anaoa mwezi wa kumi na mbili, kamati imesema kadi ni zile zile za dada yake, mia na hamsini. Nikamtajia bei. Akanyamaza, nikasikia anamuuliza mtu pembeni yake, alafu akasema basi mwanangu ngoja niongee na mhazina.